Rudisha Mstari wa Mama

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula kwa wakati na unalala kitandani, si juu ya kompyuta kama ulivyozoea hapa. Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia cherehani. Habari za mama zinakuja, nivumilie. Ningekupigia, lakini haya hayasemeki mama akisikia. Tena hadi majuzi simu ilikuwa yangu kwa jina tu. Mwenye nayo alikuwa mama, kwa sababu ya huo mchezo wako.

Mdogo wangu, mchezo wako umenichosha. Ulipoubuni pale sebuleni nilidhani ni utani: mtu anachora mstari kwa kidole, kijitu cha baiskeli kinateremka juu yake, mstari ukiwa mbaya kinapinduka. Basi. Ulipouweka mtandaoni bure nikakucheka. Sasa hata wateja wangu wanaucheza wakisubiri kupimwa, na wewe umechukuliwa na kampuni huko mbali. Hongera, sikuonei kijicho. Ila ungeniachia nyumba yenye amani.

Hali ilikuwa hivi: kutwa mama yuko kwenye kiti chake karibu na mlango wa duka, anachora. Kile kijitu amekipa cheo cha mjukuu, maana wa kweli hujamletea. Kila kikipinduka anatangaza kuwa mjukuu ameanguka. Kuna mteja mgeni alisikia hivyo, akakimbilia ndani na gauni lililojaa pini, akamtafuta mtoto hadi chini ya meza. Gauni likachanika ubavuni, nikalishona upya, na mama hakuinua hata macho. Nikimwambia apumzike, ananijibu nimwache, karibu anafika chini. Mistari yenyewe ya ovyo, imejikunja kama utumbo wa kuku. Mjukuu anarukaruka hadi kofia inamtoka.

Halafu wiki iliyopita ukaleta toleo jipya. Ulituma ujumbe kwa majivuno kwamba watu walilalamika mistari yao inayumba, kwa hiyo sasa mchezo unainyoosha wenyewe. Mama akachora, akainua kidole, mstari ukalainika kama uliopigwa pasi. Mjukuu akateremka hadi chini bila kutikisika. Nikapiga makofi, mjinga mimi. Mama akautazama, akachora mwingine, ukanyooka vilevile. Akanirudishia simu, akasema huo si wake. Tangu siku hiyo analala ameelekea ukutani, na chakula ninakipeleka na kukirudisha.

Hapa sasa ninaandika nililokatazwa. Mama alipata kiharusi, muda mfupi baada ya wewe kuondoka. Upande wote wa kulia ulilala, mdomo nao ukaenda upande. Jambo la kwanza alilosema likaeleweka ni kwamba wewe usiambiwe, maana utaacha kazi uje kumkodolea macho. Ndiyo sababu ukipiga ananirushia simu kama kaa la moto, nami nakwambia amelala, au anaoga, au kaenda kwa jirani. Nimemlaza mama na kumwogesha kwa maneno hadi nimeishiwa uongo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kimpira cha kuminya. Akakitupa dirishani, akasema yeye si mtoto. Akampa kamba za kuvuta. Nikazikuta zimefungia mlango wa kabati. Kilichouamsha ule mkono ni upuuzi wako. Mwanzoni nilimshika kidole nikakipitisha juu ya kioo. Baadaye akanifukuza, akataka kufanya mwenyewe. Mikunjo ile niliyokuwa nikiicheka ni mtetemeko wa mkono wake wa kulia, na ulikuwa unapungua. Yeye aliuona ukipungua, hata mimi nikaanza kuuona. Sasa mchezo unamnyooshea, hajui tena kama anapona au anadanganywa. Na kwa kudanganya, nyumba hii inatosheka na mimi.

Sikulaumu, ungejuaje. Lakini nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka na yeye, na wewe, na hicho kijitu chenu.

Asubuhi hii amenikuta naandika. Ameinuka mwenyewe, akaja akishika ukuta hadi dukani, akadai nimsomee. Nimemsomea yote, nikisubiri anirushie mkasi. Akasema, neno moja baada ya jingine, kwamba usije. Urudishe mstari tu. Wanaotaka kunyooshewa wawe na kitufe chao, na yeye aachwe na wake. Kuhusu kiharusi, akaniamuru nikifute. Nimeendelea kuandika bila kufuta chochote. Ameniona, akageuza uso akatazama barabarani.

Kwa hiyo urudishe mstari, kisha uje. Wasalimie wenzako wa kazini, hata hao wa kunyoosha. Majirani wanakusalimu, na yule mteja wa gauni anauliza mtoto aliyeanguka anaendeleaje.

Ukipiga simu, safari hii nitampa mama. Umsubiri tu, maneno yake yanachelewa.

Ni mimi dada yako,
Fundi