Jazi Iliyolala Nyumbani Kwetu

Baba Kulwa, popote ulipo,

Watoto ni wazima, wameshaota ndevu, na mimi bado nipo Igoma, hapa hapa Mwanza. Barua hii naiandika wazi kwa sababu anwani yako siijui. Wanaotoka Dar wananiambia uko Dar, wanaotoka Geita wananiambia uko Geita, na mimi siwaamini wote. Anayekufahamu akikusomea, usimkatize mpaka amalize.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Kulwa. Yeye na wenzake wanaimba juu ya kaseti pale Buzuruga, na juzi kaniambia wanajiita kundi. Si bendi, si okestra: kundi. Nikamtazama kwanza. Unanijua, mtu akiniletea jina jipya la kitu cha zamani, mimi huangalia mikono yake imeshika nini. Mtoto wa watu hakushika kitu, alikuwa anakula muhogo.

Nikamkumbuka mzee wako, baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha maneno haya jioni tukimenya karanga. Alisema ujana wake waliita beni: wanaume waliotoka jeshini na tarumbeta zao, wanapanga mistari, wanatembea na ngoma mpaka mashabiki wa upande wa pili wanakosa usingizi. Baadaye vijana wa mjini wakavaa suti, wakacheza wawiliwawili ukumbini, na kila chama cha muziki kikajiita jazi. Unamkumbuka yule mwalimu jirani yetu, Mhaya, aliyekuja kumsahihisha? Alisema, "Mzee, jazi ni muziki wa Wamarekani weusi. Ninyi hapa mnapiga rumba." Mzee akaendelea na karanga zake. "Mwalimu, sisi hatusemi habari ya muziki," akamjibu. "Jazi ni watu." Ulicheka wewe, mpaka ukapaliwa.

Na kweli ilikuwa watu. Mimi nilikuwa mwanachama wa jazi yetu kama wewe, ada nilitoa, kwenye mkutano niliinua mkono. Na kwa kuwa watu wenyewe tulikuwa hatuaminiani, tulikuwa na ule utaratibu wetu: vyombo havilali pamoja, na hakuna anayelaza chombo anachopiga mwenyewe. Wewe mpuliza tarumbeta ulilaza tumba. Mpiga tumba alilaza gitaa. Tarumbeta yako ililala kwa mwimbaji kule Nyakato. Na chombo kikitoka, kinatolewa na mama wa nyumba hiyo kwa mikono yake. Wageni walituona wajinga, lakini nani angeiba jazi iliyolala nyumba zote zile?

Siku ambazo hakuna mazoezi ulikuwa unapuliza midomo mitupu, Doto mgongoni, unazunguka uani mpaka anasinzia. Nilikupenda sana siku hizo. Nasema hivyo nisije nikaonekana nakumbuka mabaya tu.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, maduka yakajaa, viwanda vya minofu ya samaki vikafunguliwa ziwani, na mjini akatokea Mabondo. Jina lake halisi hatukulijua. Alinunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, akayauza kwa wanaoyapeleka nje, akatajirika, akajenga ukumbi Buzuruga. Alikuja kwenye mkutano wetu na kreti za soda, mpole, anawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Wote mkasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi soda yake sikuinywa.

Akasema jazi ni neno la kizamani, linanuka uzee, tujiite okestra. Mzee wako alijaribu kulitamka likamshinda, watu wakacheka. Nikainua mkono nikauliza, "Jazi na okestra vina tofauti gani?"

"Okestra ina mkurugenzi, mama."

"Na wanachama?"

"Wanachama watakuwa mashabiki wetu wapendwa," akasema, na mkampigia makofi. Nikakutazama wewe. Ulikuwa unaangalia viatu vyako.

Akaomba jambo dogo tu: vyombo vyote vikusanywe ukumbini kwake siku moja, wapiga muziki wapigwe picha navyo kwa ajili ya bango. Ndipo tulipokosea, na kosa lile lingeweza kufanywa na sisi peke yetu, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviona vyombo vyetu vyote vimepigwa picha pamoja. Watu waliokuwa wanalindana miaka yote waliingiwa na tamaa ya picha.

Siku ile ulikuja saa kumi jioni ukasimama mlangoni ukapiga hodi. Mwanaume anapiga hodi nyumbani kwake? Nikakuuliza kuna nini, ukasema, "Toa tumba, Mama Kulwa. Ni picha tu." Nikakuuliza linarudi lini. Ukasema kesho. Hukuniangalia machoni, ukawa unamtania Doto. Basi nikalitoa, kwa mikono yangu kama utaratibu ulivyotaka.

Halikurudi. Vyombo vikafungiwa ukumbini, eti kwa usalama, isipokuwa gitaa, ambalo mke wa mpiga tumba alikataa kulitoa. Jumamosi tukaenda kucheza dansi letu, mzee wako kavaa koti, tukakuta bango jipya na kijana mlangoni anadai kiingilio. Mzee akamwambia yeye ni mwanachama. Kijana akamuuliza mwanachama wa nini. Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nyinyi mlikuwa ndani mnapiga. Tarumbeta yako niliisikia mpaka barabarani.

Baadaye mkavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda kuwapigia wachimba dhahabu, na wewe hukurudi tena. Okestra yenyewe haikudumu. Mabondo aliibadili jina tena ikaitwa saundi, kisha akauza vyombo, sasa ukumbi ni ghala la magodoro. Miaka yote hiyo nimekutetea. Ndugu zako wakisema ulituuza, nilisema hapana, na yeye alidanganywa kama sisi, ni muziki tu aliopenda. Usiku moyo ulikuwa unanisuta: kikulacho ki nguoni mwako. Nikaukemea.

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Sabina, mke wa mpiga tumba wenu, Kirumba wanapouza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani. Tukakumbushana. Nikamwambia, wewe ulifanya vizuri kukatalia gitaa siku ile, ulikuwa na akili. Akacheka. "Akili ya wapi? Mume wangu alikuja mchana akaniambia nisilitoe. Mabondo alikuwa amewakalisha wapiga muziki wote asubuhi, akawaambia wazi vyombo haviondoki tena, na anayebaki naye anapata mkataba. Kwani Baba Kulwa hakukwambia?"

Nikamwambia uliniambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilinunua mapanki yangu nikaondoka.

Kwa hiyo sikuulizi kama ulijua. Nilidhani siku nikiujua ukweli nitakutukana kwa Kisukuma mpaka maneno yaniishie, na nimejaribu, hayaji. Jazi ilikuwa na wenyewe wengi, na kila mmoja kailia kivyake. Mimi kinachoniuma ni kidogo zaidi ya hapo, na ni changu peke yangu. Ulikuwa na njia nzima ya kutoka Buzuruga mpaka Igoma ya kufikiri utaniambia nini, ukachagua kunidanganya mimi. Ungesimama pale ukasema, "Mke wangu, halirudi, lakini nataka kupiga tarumbeta na sioni pengine pa kupigia." Ningegomba. Ningelia. Kisha ningelibeba mwenyewe kichwani mpaka ukumbini, na watu wakaniita msaliti pamoja na wewe.

Uwe na afya njema huko uliko. Usijibu.

Ni mimi,
mama wa Kulwa na Doto