Filimbi ya Simiyu

Mjukuu wangu Nekesa,

Barua yako imenifikia hapa Kitale. Mgongo unaniuma lakini bado nalima mashamba ya watu. Mwambie nyanya yako hapo Bungoma nitakuja mvua ikipungua.

Unauliza utamshushaje cheo karani wako wa stoo anayekosea kila wiki. Sheria umesoma wewe. Mimi nitakuambia nilivyokosea.

Nikiwa kijana nilikuwa nyapara kwenye shamba la mahindi ya mbegu. Simiyu wa Lwakhakha alikagua mistari baada ya watu kung'oa mbelewele, yale maua ya juu. Yakibaki, mbegu inaharibika. Basi yakaanza kubaki mengi. Asubuhi moja, mbele ya watu wote, nilimvua filimbi ya mkaguzi shingoni nikampa jembe.

Siku hiyo hiyo, akipalilia bustani ya mboga ya shamba, alikata kabichi pamoja na magugu. Wenzake wakacheka: "Simiyu bana, unalima ama unavuna?"

Nikamfokea. Akasema polepole, "Sioni vizuri, nyapara. Tangu Pasaka."

"Si ungesema?"

"Uliniuliza?"

Kesho yake hakuja. Alikuwa amerudi kwao, na baadaye nilisikia amepofuka kabisa.

Mwite karani wako ndani, aje na mwenzake akitaka. Mwonyeshe makosa, halafu nyamaza umsikilize. Pengine bado utamshusha, na umwandikie sababu, lakini awe amejibu kwanza.

Filimbi ile ningali nayo sandukuni. Sijawahi kuipuliza.

Ni mimi babu yako, kuka.