Wa Mwisho Hurudiwa

Jumamosi, 7 Juni

Kilomita kumi na mbili leo, kwenda hadi chini ya milima ya Mbizi na kurudi. Baridi kali. Vidole vyangu vilianza kupata uhai tulipofika kwenye mikaratusi. Rafiki yetu Zuhura mbele kama kawaida yake, mimi katikati, Leokadia nyuma akilalamika. Vumbi. Mbwa. Kilima. Raba zangu mpya, eti zinamrushia changarawe. Binamu yangu huyu angelipwa kwa kulalamika angekuwa na ghorofa.

Sheria imefuatwa. Aliye mbele akifika kwenye jiwe kubwa la juu ya kilima anageuka kumrudia wa mwisho, tunamaliza pamoja. Sheria hiyo aliitunga Leokadia mwenyewe mwezi wa nne, siku ya kwanza kabisa ya mazoezi. Alishajua wa mwisho atakuwa nani.

Mbio zenyewe ni tarehe 2 Agosti. Nusu marathoni. Kilomita ishirini na moja sijawahi kuzikimbia tangu nizaliwe. Watoto wa darasa langu wamenikuta barabarani, wakapiga kelele: "Mwalimu Skola anafukuzwa!" Shule ikifunguliwa nitawapata.

Jumanne, 10 Juni

Likizo. Nimeshinda sokoni kwenye kibanda cha Leokadia, yeye kwenye cherehani, mimi nakata nyuzi. Ametushonea mikoba midogo ya kitenge ya kufunga kiunoni, mitatu, kitenge kimoja. Wa Zuhura una zipu. Wangu una kifungo kwa sababu, anasema, zipu ni kwa wenye akili.

Mteja mmoja mgeni alishtuka. Leokadia alikuwa ananiambia kwamba nikifa atavaa sketi zangu za kanisani kabla sijapoa. Nikamjibu hazitampanda hata magotini. Yule mama akaacha kitambaa chake mezani, akatutazama kwa huruma. Ikabidi Leokadia amweleze: "Huyu mtoto wa mjomba wangu. Mtani wangu. Siku asiponitukana nitajua amenichukia."

Ni kweli. Kwetu binamu hasemwi vizuri mbele yake.

Jumapili, 15 Juni

Nina hasira na ninacheka, yote mawili.

Tumekimbia baada ya misa ya kwanza. Zuhura alitungoja nje ya kanisa, kajifunga mtandio wake mweusi wa mbio. Katikati ya kilima Leokadia akaanguka pembeni mwa barabara. "Nakufa jamani!" Sisi tulishafika kwenye jiwe. Tukageuka, tukashuka mbio kumrudia. Tulipomkaribia akaruka juu, akatupita, akapanda na kugusa jiwe wa kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa sana, ikabidi akae.

Magoti yangu yanauma kwa kilima nilichokipanda mara mbili bure. Nimemwapia mbele ya Zuhura kwamba safari nyingine simrudii.

Jumamosi, 21 Juni

Leo hatukukimbia. Siku ya kujipa raha. Tumepanda hadi ukingoni, pale unapoliona bonde la Rukwa lote na ziwa likiwaka kwa mbali. Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai ya maziwa. Jua zuri, upepo umetulia. Zuhura amepiga picha kama hamsini. Duka la vipuri la mumewe amemwachia mwenyewe, anasema akitafutwa tuseme amepotea.

Leokadia alilala chali kwenye majani. Akasema daktari amemwambia moyo wake umekuwa mkubwa. Nikamwuliza, umekuwa mkubwa kwa ajili ya nani? Zuhura akapaliwa na chai. Leokadia naye akacheka. Kisha akasema nisimwambie mama yake. Nikamwambia nitamwambia leo leo, shangazi ajiandae kupokea mkwe. Akala yai langu.

Nimeliandika kwa sababu lilinichekesha siku nzima.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunapanda. Leokadia akakaa chini pembeni mwa barabara, mkono mmoja kiunoni, mwingine kifuani. Akasema, "Mimi siendi tena. Nakufa, mtani." Nikamjibu bila kusimama, "Kufa basi, tule ubwabwa." Zuhura akacheka. Tukaendelea.

Tulifika kwenye jiwe. Sheria ni kugeuka. Zuhura aligeuka. Mimi nikamwambia safari hii hatudanganyiki, tumngoje hapa hapa. Tukakaa. Tukanywa maji. Nikavua raba nikatoa kijiwe. Hata kwa hilo nilikuwa na muda. Zuhura ndiye aliyesema, mbona kimya?

Tulimkuta amelala ubavu. Macho wazi, midomo imebadilika rangi. Anapumua kidogo kidogo. Bodaboda wa kwanza alikataa, wa pili akakubali. Tulimpakia katikati, Zuhura nyuma akimshikilia. Mimi sikupata nafasi. Nikaifuata pikipiki kwa miguu hadi hospitali. Sikuhisi kilima wala mteremko.

Jumapili, 29 Juni

Yuko wodini, wamemwekea oksijeni. Shangazi yuko naye tangu jana. Nimemwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia huku amenishika mikono yote miwili. Akanishukuru kwa kumleta mwanawe. Alinishukuru mimi.

Akasema, ingia, ameamka, anakuulizia. Nikasema nina mafua, nisimwambukize. Sina mafua. Niliogopa kumwangalia usoni. Nitaingia kesho.

Jumatatu, 30 Juni

Leokadia amefariki saa mbili asubuhi. Nilikuwa njiani na chupa ya uji.

Jumatano, 2 Julai

Tumemzika kijijini Mpui, kando ya baba yake. Upepo ulikuwa unachukua sauti ya padri. Zuhura alikuja na mumewe, wakasimama nyuma.

Kabla ya jeneza kushushwa, wazee wa upande wa baba yake wakaanza kuuliza: mtani yuko wapi? Nilijua ni mimi. Nilijificha nyuma ya kina mama. Wakanitoa. Wamemzoea Leokadia kuja kuvunja watu mbavu misibani, nani atamtania yeye kama si mimi? Shangazi mwenyewe alinitazama akaitikia kwa kichwa: ndiyo, fanya.

Wakanipa raba zake na kofia yake. Nikavaa. Nikakimbia kulizunguka kaburi kwa zile mbio zake za bata, nikilalamikia vumbi, nikilalamikia mbwa. Watu wakaanza kucheka. Sijui miguu ilinipelekaje, nikajikuta nimekaa chini, mkono mmoja kiunoni, mwingine kifuani, nasema, "Mimi siendi tena." Walicheka mpaka wakafuta machozi. Shangazi alicheka. Mzee mmoja akasema, "Ndiye yeye kabisa!"

Zuhura peke yake hakucheka.

Baadaye nilipewa sahani ya ubwabwa. Mchele mzuri wa bondeni, unanukia. Niliishika mpaka ikapoa. Nikampa mama aliyekaa pembeni yangu.

Jumatano, 9 Julai

Shule imefunguliwa. Somo la leo methali. Kitabuni imo: mzaha mzaha hutumbua usaha. Nimeifundisha miaka kumi na miwili. Leo nimeiruka. Mtoto mmoja akanyoosha kidole, mwalimu umeiruka namba nne. Nikamwambia akae chini. Nilimkaripia kwa ukali ambao hakuustahili.

Sijakimbia. Wali siuli. Nyumbani nasema tumbo.

Alhamisi, 17 Julai

Zuhura amekuja. Tulikuwa tunakwepana. Mimi nilibadilisha njia ya kwenda shuleni nisipite dukani kwake, naye, kumbe, alikuwa ananiona napinda kona na anashukuru.

Alileta mkoba wa kitenge wa Leokadia. Ulibaki kwake siku ile ya pikipiki, hakuthubutu kuufungua wala kuupeleka kwa shangazi. Tumeufungua pamoja. Elfu mbili. Pipi ya glukosi. Karatasi ya vidonge, viwili vimeshamezwa. Kadi ya kliniki ya moyo, tarehe ya kurudi ni 14 Julai.

Kwa hiyo alikuwa anatuambia. Siku ile ukingoni, mayai yakiwa mkononi, alikuwa anatuambia.

Zuhura alilia. Akasema, "Dada Skola, wewe ulisema, lakini mimi nilicheka." Nikamwambia aliyekataa kugeuka ni mimi. Tulikaa tukigombania kosa kama watu wanaogombania kulipa chai. Lilitutosha wote wawili.

Amesema tukimbie. Nimesema sikimbii. Amesema basi walau mwambie shangazi, maana kila akikuona anakushukuru, na wewe kila akikushukuru unakonda.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekimbia. Mimi na Zuhura. Tulipofika mahali pale wote wawili tulitembea. Jiwe sikuligusa.

Jumapili, 27 Julai

Nimemwambia.

Nilimkuta shangazi uani, anachambua maharage kwenye ungo, jua la asubuhi mgongoni. Akanivutia kigoda. Akaanza tena: Mungu akubariki mwanangu, ulimkimbilia mwenzako mpaka hospitali. Nikamwambia, shangazi usinishukuru. Nikasema yote. Kwamba aliniambia habari ya moyo nikaifanya mzaha. Kwamba alisema anakufa, nikamwambia afe tule ubwabwa. Kwamba nilikaa kwenye jiwe nikinywa maji. Kwamba sikuwa na mafua.

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Hakunitazama. Kuku alikuja akadonoa maharage pembeni, hakumfukuza. Nilisubiri anitukane. Ningependa anitukane.

Akasema, "Nenda nyumbani, Skola."

Hakusema mwanangu. Nilimwachia mkoba wa kitenge juu ya kigoda, nikaondoka. Leokadia nimeshampoteza. Leo nimempoteza na mama yake. Lakini nimesema, na sijutii kusema. Najuta mengine.

Alhamisi, 31 Julai

Shangazi hajapiga simu. Mimi sijapiga. Namba za mbio tumechukua leo. Walikuwa na ya Leokadia pia, alishajiandikisha. Zuhura akauliza tuifanyeje. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya mkoba wangu, nikafunga kifungo.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimemaliza. Wa mwisho kabisa.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mbingu safi, watu barabarani, tarumbeta za shule, kina mama wanatupa maji. Vijana wanapita wakinitia moyo: "Kaza mama, poa tu!" Raha ile tuliyoingojea tangu mwezi wa nne. Nilimkasirikia kila aliyekuwa anatabasamu.

Hadi kilomita ya kumi na tano nilikuwa sawa. Baada ya hapo kiuno kikakataa. Nikashika kiuno. Kisha moyo ukaanza kunigonga kifuani, nikashika kifua, na nilipojiona nimeshika vile nilivyoshika, miguu ikaisha. Nikakaa chini pembeni mwa barabara. Gari la wagonjwa likapunguza mwendo, nikalipungia lipite. Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Nikafikiri, hivi ndivyo panavyokuwa. Unawaona wenzako wanakwenda, migongo inapungua, kisha unabaki na upepo.

Sijui nilikaa muda gani. Nikaona mtu anakuja kinyume na mbio, mtandio mweusi. Zuhura. Alikuwa amebakiza kilomita moja, akageuka. Watu wa pembeni walikuwa wanampigia kelele, dada unapotea, huko siko! Alifika anahema, akanipa mkono.

"Wa mwisho hurudiwa," akasema.

Nililia kwa sauti mbele ya askari wa barabarani. Kisha tukaenda, kukimbia kidogo, kutembea kidogo. Walikuwa wameshaanza kukunja turubai. Mtu akatuvalisha medali bila kututazama. Nilitafuta uso wa shangazi pembeni pale, ingawa nilijua hatakuja. Hakuja.

Jumapili, 3 Agosti

Shangazi alipiga simu baada ya misa. Njoo ule. Basi, akakata.

Nilishuka ngazi za nyumba yangu kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Nilimkuta jikoni. Mezani ubwabwa, na bakuli la nyama ya ng'ombe. Mkoba wa kitenge umetundikwa ukutani kwenye msumari, chini ya rozari. Nikasema shikamoo. Akaitikia, akanionyesha kiti.

Sikugusa chakula. Akasema, nitakwambia, halafu utakula.

Jumapili ile wodini, mimi nilipokwisha kuondoka na mafua yangu ya uongo, Leokadia alimwuliza, Skola amekuja? Akamwambia amekuja, amerudi, anaumwa. Leokadia akatoa ile oksijeni puani, akasema, "Mama, mwambie ubwabwa usikose nyama." Kisha akacheka, kidogo, kama pumzi ilivyomruhusu. Shangazi alidhani anaweweseka. Aliona aibu kunipa maneno ya namna hiyo, akayaweka. Mwezi mzima ameyaweka. Mpaka nilipomwambia nilichosema barabarani ndipo akajua mwanawe alikuwa anamjibu nani.

"Wiki hii nilikukasirikia sana," akasema. "Bado nimekasirika kidogo. Kula, mwanangu."

Nyama ilikuwa ngumu. Nilitaka kusema kwamba Leokadia angelalamika. Nikasema. Shangazi akasema angelalamikia na chumvi.

Nilikula sahani yote. Akaniongezea, nikala na hiyo. Kisha nikaosha vyombo, nikavipanga juani, nikatoa ile namba yake ndani ya mkoba wangu na kuitia kwenye wake pale ukutani. Nikarudi nyumbani polepole.