Karatasi Yenye Jina Langu

Mjukuu wangu Nakiete,

Marahaba. Huku Mhezi tu wazima. Bibi yako anaomba hilo gari la spoti unalotaka kununua lisije likaijua barabara yetu.

Unauliza umsubiri muuzaji wako wa siku zote, au ulichukue kwa mgeni aliye nalo leo.

Ujanani niliagiza pikipiki nyekundu kwa Mzee Eliamani, dukani kwake Same. Akasema, "Vumilia, kijana." Sikuvumilia, nikanunua nyingine mjini Moshi. Narudi nayo, naikuta ya kwake imefika, imebandikwa karatasi yenye jina langu. Akaibandua taratibu. "Hongera, mwanangu. Imekupendeza."

Pikipiki ilikuwa nzuri kweli. Ila miaka yote niliyokuwa nayo, niliingia Same kwa njia ya nyuma, ile yenye mashimo.

Ni mimi babu yako