Ruta ya Akiba Ilikaa Kimya

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana nimebanwa kila upande. Mimi ni mama wa watoto wawili na fundi wa mitandao hospitalini, na miezi mitano iliyopita nilifunga ruta mbili, zile mashine za kupitisha mtandao, kila moja na laini yake, ya kwanza ya kutuunganisha na nje na ya pili ya akiba, ili ya kwanza ikizima ya pili ishike kazi, nikaijaribu mbele ya bosi kwa kuchomoa umeme, ikashika, nikapigiwa makofi. Lakini kuna mpangilio mmoja niliuacha, wa kuiamuru ruta ya kwanza iangalie pia laini yake ya nje, na laini ikikatika imwachie mwenzake kazi, nikasema nitamalizia kesho, na kesho hiyo ikawa miezi.

Jumanne iliyopita saa nne asubuhi wachimba mitaro wakakata waya nje ya geti, ruta ya kwanza yenyewe ikabaki nzima, taa zinawaka, inamwambia mwenzake "nipo, nipo," na ile ya akiba yenye laini nzima ikakaa kimya, na picha za kichwa cha mama mmoja aliyeanguka kwenye ngazi zikakwama dakika arobaini bila kumfikia daktari bingwa aliye hospitali nyingine, huku binti yake kanishika mkono, "Dada, bado?" Mama yuko hai, lakini mkono wa kulia haunyanyuki, na daktari hasemi kama ni kwa sababu ya kuchelewa au la.

Sasa bosi amemsimamisha kazi Mzee Waya, msimamizi wa nyaya, eti hakuwaonyesha wachimbaji pa kupita, na huyu ndiye aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika koleo. Mume wangu anasema, "Nyamaza tu, mke wangu, yatapita." Na kibaya zaidi, ule mpangilio mpaka leo sijauweka, kwa sababu nikiuweka mashine itaandika tarehe na wote watajua haukuwepo. Nifanyeje?

Fundi wa ghorofa ya pili

Fundi,

Nilipofika mwisho wa barua yako sikungoja gazeti litoke. Nilipiga namba uliyoacha.

"Laini ikikatika sasa hivi?" nilikuuliza.

"Itakuwa vilevile."

"Uko wapi?"

"Mbele ya mashine."

Nikakuambia uuweke huku nasikiliza. Ukaandika, ukalia, ukawaarifu watu wa wodini, ukachomoa waya wa nje wa ruta ya kwanza. Sekunde tatu, ukasema, "Imeshika."

Hilo limekwisha. Sasa nikukaripie. Kuahirisha kazi kunampata kila fundi, na hapo nakuonea huruma. Lakini wiki nzima ulijua wagonjwa wako hatarini, ukalinda jina lako. Huko si kusahau, mwanangu. Kuhusu mkono wa yule mama, usijihukumu kwa jambo ambalo daktari hajalisema, wala usilifanye pazia la kujifichia. Na mumeo anakupenda, ila mzigo wa ukimya anaokushauri unabebwa na Mzee Waya.

Kesho asubuhi ingia kwa bosi na karatasi yenye tarehe zote mbili, ya kufunga ruta na ya kuuweka mpangilio. Usiseme "mfumo ulishindwa." Sema "niliacha." Omba Mzee Waya arudishwe kwa barua, si kwa maneno ya koridoni. Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Ukitoka hapo nenda nyumbani kwa Mzee Waya kwa miguu yako, usitume ujumbe. Akikufungia mlango, subiri nje. Akiufungua, usizungushe maneno. Mwambie, "Ni mimi niliyeacha."