Jina la Pili Kwenye Hati

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu akufunike huko uliko. Mgongo vipi, bado unakusumbua ukiinama kutengeneza hizo lifti zako? Mimi ni magoti tu, mengine nashukuru.

Nyumba nimeipata. Vyumba vitatu, sebule inapata jua la asubuhi, na bomba liko uani, kwa hiyo wifi hatapandisha tena ndoo ghorofa ya tatu na ule mguu wake. Anayeuza ni fundi cherehani mstaafu. Hati nimeishika mwenyewe. Ina majina mawili, la fundi na la dada yake, maana baba yao aliwaandikisha wote. Huyo dada alishafariki siku nyingi, ugenini.

Unajua ninavyofanya kazi. Kabla ya saini nawakalisha watu, tunasali, kisha muuzaji anaweka mkono juu ya Kitabu na kusema mbele ya Mungu kwamba hakuna mwingine mwenye haki. Miaka kumi na tisa ya udalali sijaitwa na mtu kwenye kesi. Fundi aliapa huku machozi yanamdondoka. Nami nikaandika karatasi kwamba mwenye jina la pili ni marehemu, nikagonga muhuri wangu. Imebaki saini yako tu. Ofisi ya ardhi tutakwenda ukija.

Dada yako

21 Februari

Shikamoo dada,

Mimi mzima, mgongo umenihurumia wiki hii. Nimewaambia wenzangu kwamba dada yangu anaitwa Mama Funguo, ana funguo za nusu ya mji, sasa wanadhani mimi ni tajiri nimejificha kwenye ovaroli.

Ila nina neno, usinikasirikie. Cheti cha kifo cha huyo marehemu umekiona? Hakuacha watoto? Huku kazini nikikuta waya nisioujua siugusi, hata kama koleo ninalo mkononi. Namwita mtu wa umeme. Tafadhali, hiyo hati mpelekee wakili aisome kwanza.

Saini yangu imo humu bahashani, kwa sababu ni wewe. Lakini usiitumie mpaka wakili aseme. Hilo tu nakuomba. Mke wangu anahesabu siku, anatamani kuhama hata kesho.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nahamisha watu! Wifi ameshaingia. Watoto wanafukuzana uani mpaka majirani wameuliza kama tumefungua shule.

Sasa nikuambie ukweli. Kwa wakili nilifika mpaka chini ya ngazi. Fundi nilikuwa naye. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo kiapo changu hakikutosha?" Nikaona haya, mdogo wangu. Mtu mzima ameapa kwa Mungu, halafu nimpandishe kwa wakili, binti wa juzi, akahojiwe kama mhalifu? Na kulikuwa na mnunuzi mwingine anaizungukazunguka ile nyumba. Nikageuka, nikaitumia saini yako, na fedha ulizotuma nikamkabidhi fundi.

Usinune. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, siwezi kukutupa shimoni.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ya Machi sikuijibu. Sasa mke wangu amenipigia simu. Juma lililopita alikuja mama mmoja mzee na begi lake, akasimama uani, akauliza nani amelihamisha jiko. Akavitaja vyumba kimoja kimoja, hiki alilala nani, kile alifia nani. Kisha akatoa kitambulisho. Jina lake ndilo la pili kwenye hati.

Mke wangu anasema ulikuja jioni ileile, ukamwona kwa macho yako. Siku nane zimepita na wewe hujaniambia.

Nilikuomba kitu kimoja. Nenda kwa wakili.

19 Mei

Mdogo wangu,

Sina uso wa kurefusha salamu. Naomba tu uwe mzima.

Nimekwenda. Safari hii ngazi zote nimezipanda. Yule binti alinipa kiti, akanipa na maji, akaisoma karatasi yangu mara mbili. Akaniuliza, "Mama, nani alikuambia huyu amekufa?"

"Kaka yake."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Hilo sikuwahi kuliuliza. Kumbe fundi alipewa habari na msafiri mmoja, miaka thelathini nyuma, akakaa matanga, akaamini. Wakili aliwaita wote wawili, na fundi alipoingia ofisini na kumkuta dada yake ameketi, aliishia mlangoni. "Ni wewe?" Na yule mama akamjibu, "Ni mimi, mwizi we! Umeuza mpaka kitanda cha mama!" Kisha wakakumbatiana, wanalia kama watoto. Nami nilikuwa pembeni nalia, sijui nalilia nini.

Hakunidanganya, mdogo wangu. Aliapa kwa moyo safi. Ni mimi niliyeuuliza moyo wake jambo ambalo moyo hauwezi kulijua.

Wakili hakunifokea, na ingekuwa heri anifokee. Alisema, "Kutafuta nyumba, kuwakutanisha watu wakapatana, hiyo ni kazi yako na unaiweza. Ila ukiona kwenye hati jina la mtu ambaye hayupo mezani, hapo umefika mwisho wako, unaniletea mimi. Kama amekufa kuna cheti, na kuna warithi wa kutafutwa. Hii karatasi hukuwa na mamlaka ya kuiandika."

Yule mama hauzi. Amerudi azeekee kwao. Mauzo yatavunjwa, na fundi ameshatumia sehemu ya ulichompa. Wakili anasema utapata haki yako upesi nikiandika maelezo kwamba ulinikataza na mimi nikaitumia saini yako hivyohivyo. Nikiandika hivyo, leseni yangu inaondoka. Dalali mwenzangu mmoja alininong'oneza, "Sema barua yake ilikufikia umechelewa, nani atajua?" Nilimwambia yupo anayejua.

Nimeyaandika yote, nikatia saini, nikaambatanisha na barua yako.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo

2 Agosti

Mdogo wangu,

Uwe na afya. Sijapata neno lako, na sikulaumu.

Wifi na watoto wako kwangu tangu Juni. Wao wamelala chumbani, mimi sebuleni, panatosha. Wifi hajanisema hata siku moja. Anapika, ananipakulia. Leseni imezuiwa miaka miwili, na kibao changu nimekishusha mwenyewe.

Jana alikuja jirani na hati yenye jina la marehemu mume wake. Anataka kuuza, akaniomba nimwandikie kikaratasi kama zamani. Nilimshika mkono, tukapanda kwa yule binti, nami nikakaa kwenye benchi nje mpaka walipomaliza. Sikuandikii ili unijibu. Nilitaka tu ujue.

Dada yako

16 Oktoba

Shikamoo dada,

Barua zako zote zimenifikia. Mgongo si mzuri, lakini kazi nafanya.

Wakili amenitumia nakala ya maelezo yako. Niliyasoma chumbani, kesho yake nikayasoma tena nikiwa nimekaa juu ya lifti iliyokwama. Hukujitetea hata mstari mmoja. Anasema fundi ameanza kurudisha, na kwamba bila maandishi yako tungesumbuana miaka.

Nisikudanganye, sijakusamehe. Kila nikianza, namwona mke wangu anabeba masanduku na mguu ule, watoto wanamuuliza kwa nini tunaondoka. Naanza tena, nakwama palepale.

Mama alipotutoka wewe ndiye uliyenipigisha magoti, ukanipa maneno ya kusema, kwa sababu mimi sikuwa nayo. Mpaka leo sijui kuomba kama wewe.

Basi niombee, dada, nifike.

Mdogo wako