Baba Amekula Bila Wali

Mama,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kusema nawe kabla ya kukuamkia. Ungenigombeza.

Hitma ya arobaini imekwisha. Wageni wamerudi makwao, mikeka imekunjwa, na nyumba hii ya Nguvumali imebaki na baba, wadogo zangu na mimi. Mume wangu amenipa ruhusa nikae mpaka baba apate nguvu. Nguvu zenyewe, Mama, haziji. Kile kidonda cha mguuni ulichokiacha kidogo sasa kimechimbika. Daktari alimwambia mbele yangu kuwa ni ugonjwa wa sukari. Akiendelea na wali, ugali na mkate, mguu utakatwa, na huenda hata mguu usitoshe. Chochote cha nafaka asikiguse. Baba akacheka. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Sasa mtu anakula nini?"

Unamjua mumeo. Hata ale samaki mzima, kama wali haupo atakwambia amelala na njaa.

Na wewe uliniambia pale kitandani, "Mwanaidi, baba yako nakuachia." Basi nimepika, Mama. Nilianza na kababu zako za nyama ya kusaga. Nilikuwa nimekwisha kuloweka boflo ndipo nikakumbuka kuwa mkate nao ni ngano. Nikalitupa, nikatia mayai matupu, zikavunjikia kikaangoni zote. Nikakaa kwenye kibao nikazitazama. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ushike mbavu. Nikaanza kucheka mwenyewe, kisha nikalia.

Kesho yake nikapasua mabilinganya katikati, nikayakaanga, nikayajaza ile nyama niliyoiunga kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu. Nikamwagia tui zito, na mchicha pembeni. Jikoni palinukia, wallahi. Lakini nilimpakulia baba peke yake katika bakuli, wadogo zangu nikawawekea wali kwenye sinia. Hapo ndipo nilipoharibu. Baba alilitazama bakuli, akalitazama sinia, akanawa mikono kama mtu aliyekwisha kula. Akasema, "Mimi sina ukoma, mwanangu, hata nitengewe chombo." Akalala hivyo hivyo.

Tangu siku ile mchele nimeufungia kabatini. Sinia ni moja, na kilichomo ni kwa nyumba nzima. Wadogo zangu walinuna. Shangazi Tatu akaja mbio, "Mwataka watu waseme marehemu kaondoka na riziki yenu?" Nikamwambia, waseme, midomo ni yao. Unaujua mdomo wangu, Mama, hukuufundisha adabu ukamaliza. Baba sasa alikaa nasi siniani, lakini alidonoa tu, anameza huku anatazama ukuta. Na mimi nilikuwa naogopa. Nakwambia wewe tu, niliogopa sana.

Ijumaa akaja mjomba, kaka yako, kutoka Mwera, na kapu la mchele mpya begani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akapaza sauti toka barazani. Apone kwa mchele huo, mjomba? Nilisema moyoni, mdomoni nikasema karibu. Unajua desturi yetu: alicholeta mgeni hupikwa siku ile ile, na mwenye nyumba ndiye wa kwanza kutia mkono. Nikiupika, baba atakula, tena kwa furaha, maana kapata kisingizio. Nisipoupika, nimemvunjia heshima ndugu yako katika nyumba uliyofia. Nilisimama na lile kapu. Nilikuita, Mama. Nilikuita kwa jina lako.

Sikuupika. Nilipeleka sinia la mabilinganya na nyama yake, nikaliweka chini, nikashindwa kuondoka. Mjomba akalitazama, halafu akatazama mlango, anangoja wali. Nikainamisha kichwa ningoje matusi.

Baba ndiye aliyesema. "Shemeji, usitazame mlango, wali haupo. Dada yako katutoka, na huyu mtoto hataki na mimi niondoke. Bismillahi." Akamega kipande kikubwa akala. Akamega tena. Mjomba, na tumbo lake lile, akasema kumbe bilinganya nalo ni chakula cha wanaume. Walilifuta sinia kwa vidole. Mchele nimeugawa kwa majirani, sadaka yako.

Sitakudanganya kuwa kidonda kimepona. Kimeanza kukauka pembeni, na jana baba alikwenda msikitini bila kushikwa mkono. Lakini asubuhi aliniambia kuwa amekuota umesimama mlango wa uani unamwita, naye anatafuta makubadhi yake. Alinisimulia huku anatabasamu.

Mama, najua unamtamani. Hamkuwahi kulala mbalimbali tangu uolewe. Lakini nakuomba, usimwite. Wewe tulikuacha uende kwa kuwa hatukuwa na la kufanya. Huyu tuachie kidogo.

Kwaheri, Mama yangu. Mungu akulaze pema. Siku yake ikifika najua haitazuiwa na upishi wangu. Ila nakuahidi, atakuja kwako ameshiba, na kwa miguu yake yote miwili.

Mwanao,
Mwanaidi